Umbo la Swali na Haki ya Anayejibu

Tumfikirie muuguzi wa zahanati aliyemaliza zamu ya mchana. Ameketi kituoni akisubiri gari, simu mkononi. Kozi ya mtandaoni kuhusu matibabu ya kuhara kwa watoto inafungwa usiku huo, naye amebakiza sehemu moja tu: maswali 10 ya kujipima. Atakayepata 8 atapewa cheti.

Maswali saba ya kwanza yana sura moja. Maelezo ya mgonjwa yako juu, swali linafuata, kisha machaguo manne yaliyopangwa mstari kwa mstari, na mwishoni kitufe cha “Wasilisha”. Swali la nane linakuja kivingine. Juu kabisa limewekwa swali lenyewe: mtoto anayeharisha, asiye na dalili za kupungukiwa maji mwilini, apewe miligramu ngapi za zinki kwa siku pamoja na ORS? Machaguo yamepangwa katika safu mbili, na kitufe kimehamia pembeni. Muuguzi anachagua miligramu 20 na kubonyeza. Skrini inajibu: “Si sahihi.” Ndipo anaposogeza ukurasa na kuona, chini ya machaguo, kisanduku chenye herufi ndogo: “Mtoto ana umri wa miezi 4.”

Muuguzi huyu hakukosea kwa kutojua. Mapendekezo ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2004 yanaeleza kuwa mtoto wa miezi sita au zaidi hupewa miligramu 20 za zinki kwa siku, na aliye chini ya miezi sita hupewa miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Yeye analijua hilo. Alichokosa ni umri wa mtoto, na aliukosa kwa sababu mtunzi wa kozi aliuweka mahali ambapo maswali saba yaliyotangulia yalikuwa yamemzoeza kutoutazama.

Kupoteza alama moja si msiba. Hatari iko kwingine. Ikiwa mrejesho umesema “Si sahihi” na kunyamaza, naye hakusogeza ukurasa, huenda akaondoka akiamini kwamba miligramu 20 si dozi sahihi. Kesho asubuhi ataletewa mtoto wa miaka miwili. Hapo kosa la mpangilio wa skrini litakuwa limetoka kwenye simu na kuingia katika chumba cha matibabu.

Kadi ya kliniki na skrini ya simu

Kila mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki anaijua kadi ya mtoto. Uzito huandikwa mahali pake, chanjo mahali pake, na mstari wa ukuaji huchorwa kwenye chati ileile mwezi hadi mwezi. Mama akihama kutoka kituo kimoja kwenda kingine, mhudumu mpya hahitaji kufundishwa kuisoma kadi hiyo. Macho yake huenda moja kwa moja panapotakiwa, na akili yake hubaki huru kuuliza swali lenye maana: je, mtoto huyu anakua?

Hivyo ndivyo yanavyopaswa kuwa maswali ya kozi. Mpangilio ukiwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, anayejibu huuzoea katika maswali mawili matatu ya kwanza, kisha huusahau na kulishughulikia tatizo la mgonjwa. Mpangilio ukibadilikabadilika, kila swali linakuwa na mitihani miwili: mmoja wa kutafuta maelezo yako wapi, na mwingine wa tiba. Bahati mbaya ni kwamba alama hutolewa moja tu, wala hakuna anayeweza kuiangalia na kujua ni mtihani upi ulioshindwa.

Wataalamu wa upimaji wamelizungumzia jambo hili kwa muda mrefu. Samuel Messick, aliyeandika sana kuhusu uhalali wa mitihani, alieleza kuwa alama huharibika pale inapopanda au kushuka kwa sababu ya kitu ambacho mtihani haukukusudia kukipima. Naye John Sweller, tangu mwaka 1988, alijenga nadharia ya mzigo wa akili: nafasi ya kushikilia mambo mapya kwa wakati mmoja ni finyu, na kila kinachoijaza bila faida hupunguza nafasi ya kujifunza. Kutafuta kitufe kilichohama ni mzigo wa aina hiyo.

Madhara ya maswali yaliyoundwa vibaya yamewahi kupimwa. Mwaka 2005, Steven Downing wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago alichapisha uchambuzi wa mitihani minne ya wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza na wa pili. Kati ya asilimia 36 na 65 ya maswali yalikuwa yamekiuka kanuni za kawaida za utungaji. Wanafunzi walipopimwa kwa maswali yaliyo sawa, asilimia 53 walifaulu. Walipopimwa kwa yale yenye kasoro, walifaulu asilimia 47. Utafiti huo ulichunguza uandishi wa maswali, haukuchunguza programu za kutungia kozi. Lakini funzo lake linatuhusu: umbo la swali peke yake linaweza kumwangusha mtu ambaye elimu yake ingemvusha.

Vurugu huingia wapi?

Ni nadra mtunzi kuamua kwa makusudi kwamba swali la nane lisifanane na la saba. Vurugu huingia kimyakimya kwa milango ambayo watunzi wengi wataitambua.

Mlango wa kwanza ni kunakili na kubandika. Daktari huandika maswali yake katika waraka wa Word, mfamasia huleta yake katika slaidi za PowerPoint, na mkufunzi wa tatu huchota mengine katika kozi ya mwaka jana. Yanapobandikwa mahali pamoja, kila moja huja na aina yake ya herufi, rangi yake na nafasi zake kati ya mistari. Hata katika mfumo kama Moodle, ambamo sura ya jumla hutawaliwa na mfumo wenyewe, mapambo yaliyofichika ndani ya maandishi yaliyobandikwa huendelea kuonekana.

Mlango wa pili ni slaidi ya kuchora kwa mkono. Programu kama Articulate Storyline humpa mtunzi njia mbili: kujaza fomu ya swali, nayo programu ikapanga kila kitu mahali pake, au kuanza na slaidi tupu na kuweka vitu apendavyo. Njia ya pili inafaa kwa zoezi la pekee, kwa mfano kuonyesha kwenye picha mahali pa kudungia sindano. Ikitumiwa kwa swali la kawaida la kuchagua, huzaa machaguo yaliyopinda na kitufe kinachotangatanga.

Mlango wa tatu ni herufi zinazojipunguza zenyewe. Swali likiwa refu kuliko kisanduku chake, baadhi ya programu hupunguza ukubwa wa herufi ili maneno yatoshe. Kozi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili hukumbwa sana na hili, kwa kuwa visanduku vilipimwa kwa maneno ya lugha nyingine. Matokeo yake, swali gumu lenye maelezo mengi ndilo linaloandikwa kwa herufi ndogo kuliko yote.

Mlango wa nne ni simu. Safu mbili zinazopendeza kwenye kompyuta huenda zikavunjika kwenye skrini nyembamba, machaguo yakajipanga A, C, B, D, au picha ikashuka chini ya kitufe. Mtunzi ameketi mbele ya kompyuta, haoni. Mwanafunzi wake yuko kituoni na simu.

Kuamua mara moja, mahali pamoja

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayerekebisha swali moja moja baada ya kozi kukamilika anajenga ukuta: akimaliza la 40, atagundua kuwa la 3 halifanani tena na mengine. Dawa ni kuamua umbo mara moja, na kuliweka mahali ambapo maswali yote yatalirithi.

Katika programu za slaidi, mahali hapo ni ile slaidi ya msingi ambayo tutaiita slaidi mama. Ukipanga humo nafasi ya maelezo ya mgonjwa, nafasi ya swali, nafasi ya machaguo na nafasi ya kitufe, kila slaidi ya swali itazaliwa na sura hiyo. Ukiamua kukuza herufi, unazikuza kwenye slaidi mama tu, na maswali yote 40 yanabadilika kwa pamoja. Mrejesho nao una mama yake: Storyline, kwa mfano, hutenga mpangilio maalumu kwa ajili ya visanduku vya “Sahihi” na “Si sahihi”. Watunzi wengi hupanga maswali vizuri na kuusahau mrejesho, ilhali humo ndimo mwanafunzi anamojifunza zaidi.

Slaidi iliyokwisha kuharibika haihitaji kupimwa kwa rula. Programu nyingi za slaidi zina amri ya kuirudisha katika mpangilio wa mama yake. Amri hiyo hurudisha kila kitu, hata kile ulichokisogeza kwa makusudi, kwa hiyo itumie kisha uikague slaidi husika. Na unapoleta maswali kutoka faili jingine, chagua yavae sura ya kozi inayoyapokea. Maandishi yaliyotoka kwenye Word yabandikwe kama maandishi matupu, bila mapambo yake.

Kabla ya kugusa programu, timu na ikubaliane juu ya mambo machache na kuyaandika kwenye ukurasa mmoja ambao kila mtunzi atakuwa nao:

Kwanza, utaratibu wa maelezo ya mgonjwa. Bodi ya taifa ya mitihani ya madaktari nchini Marekani, NBME, katika mwongozo wake kwa watunzi, hupendekeza mfuatano unaofanana na ule wa kumchukulia mgonjwa historia: umri, jinsia, mahali alipoonwa, tatizo lililomleta, muda wake, historia, kilichoonekana katika uchunguzi wa mwili, vipimo, kisha matibabu aliyoanzishiwa. Umri ukiwa daima katika maneno ya mwanzo, muuguzi wetu wa kituoni hangeukosa.

Pili, alama za kuchagulia. Kwa mazoea ya watumiaji wa kompyuta, duara dogo humaanisha jibu ni moja, na kisanduku humaanisha majibu yanaweza kuwa zaidi ya moja. Mapambo yasiifute tofauti hiyo. Penye majibu mengi, swali lenyewe liseme pia: “Chagua mawili.”

Tatu, maneno ya vitufe. Kitufe kikiitwa “Wasilisha” katika swali la kwanza, kisiitwe “Tuma” katika la tano na “Endelea” katika la tisa. Programu nyingi huruhusu maneno haya kutafsiriwa mahali pamoja kwa kozi nzima. Kozi ya Kiswahili isibakizwe na vitufe vya Kiingereza. Vivyo hivyo, aliyeanza na “Kweli” na “Si kweli” asigeukie “Ndiyo” na “Hapana” katikati ya safari.

Nne, rangi. Wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Rangi peke yake isitumike kutangaza jibu. Neno “Sahihi” liwepo daima. Miongozo ya kimataifa ya kurasa zinazofikika kwa wote inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kitu chenye kazi ileile kitambulishwe vilevile kila kinapotokea.

Tano, ukubwa wa kisanduku. Upimwe kwa swali refu kuliko yote, na uwezo wa herufi kujipunguza uzimwe. Lisipotosha, lipunguzwe maneno.

Kisichopaswa kufanana

Mtunzi anaweza kulielewa somo hili kupita kiasi. Kinachotakiwa kufanana ni fremu. Yaliyomo yana sheria nyingine. Jibu sahihi likikaa kwenye B mara kwa mara, au likiwa daima ndilo refu kuliko mengine, mwanafunzi mwerevu ataligundua bila kusoma. Machaguo yafanane kwa urefu, kwa aina na kwa muundo wa sentensi, lakini mahali pa jibu pabadilike.

Mifumo kama Moodle huweza kuyachanganya machaguo kila mtu anapofungua swali. Ni jambo jema, ila hubomoa swali lenye chaguo la “Yote yaliyo hapo juu”, kwa sababu chaguo hilo linaweza kujikuta juu kabisa, bila chochote juu yake. Ama chaguo hilo liachwe, ama uchanganyaji uzimwe. Dozi nazo zisomeke kutoka ndogo kwenda kubwa, kwa hiyo maswali ya dozi yasichanganywe.

Kiswahili kina mtego wake, nao ni ngeli. Tazama swali hili: “Kinachosababisha malaria ni: A. mbu, B. kimelea, C. maji machafu, D. baridi.” Asiyejua lolote kuhusu malaria atachagua B, kwa kuwa “kinachosababisha” kimekwisha kumnong’oneza kwamba jibu linaanza na ki-. Liulizwe hivi: “Malaria husababishwa na nini?” Hapo upatanisho wa kisarufi haufichui kitu, na anayechagua B anachagua kwa kujua kwamba mbu ni mbebaji tu.

Tarakimu na vipimo

Katika kozi za afya, utaratibu wa kuandika namba ni sehemu ya usalama wa mgonjwa. Wataalamu wa usalama wa dawa hushauri dozi ya nusu miligramu iandikwe 0.5 mg, kamwe isiwe .5 mg, kwa kuwa nukta isipoonekana dozi inasomwa mara kumi zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, miligramu tano huandikwa 5 mg, wala si 5.0 mg. Kozi inayoandika hivi katika swali moja na vile katika jingine inafundisha mazoea mabaya hata pale majibu yake yote yanapokuwa sahihi. Machaguo ya swali moja yatumie kipimo kimoja: kuweka 500 mg mbele ya gramu 1 ni kumpima mtu hesabu ya kubadili vipimo. Ikiwa hiyo ndiyo nia, iulizwe waziwazi.

Kwa wewe unayejipima kama mgonjwa

Si watumishi wa afya pekee wanaokutana na maswali haya. Siku hizi mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu au mjamzito hupewa masomo mafupi kwenye simu, yakifuatiwa na maswali. Hapo mpangilio una uzito zaidi, kwani msomaji hana mwalimu karibu.

Chukua mfano wa sukari ya damu. Mashine nyingine huonyesha kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL, na kipimo kimoja ni kama mara 18 ya kingine. Kiwango cha 70 mg/dL ndicho kilekile 3.9 mmol/L, na chini ya hapo huhesabiwa kuwa sukari imeshuka. Somo likifundisha kwa kipimo kimoja na maswali yakauliza kwa kingine, mgonjwa hujibu vibaya, au, lililo baya zaidi, hujibu vizuri na kwenda kuisoma vibaya mashine ya nyumbani. Kabla ya kujibu maswali ya namna hiyo, tazama kipimo kilichoandikwa kwenye mashine yako, na ukiona hakilingani na cha somo, muulize mhudumu wako.

Ukikosea swali ambalo una hakika unalijua, usikimbilie kujilaumu. Lisome upya, na liangalie swali lenyewe kwa jicho la ukaguzi. Mrejesho ukisema tu “Si sahihi” bila kueleza sababu, una haki ya kuuliza sababu. Na swali lolote la mtandaoni linakupima ulichojifunza; halichukui nafasi ya kuonwa na daktari.

Kabla ya kuifungua kozi

Timu inayotunga kozi inaweza kujikagua kwa njia rahisi. Ifungue maswali yote kwenye simu ya kawaida, si kwenye kompyuta ya mtunzi. Iyapitishe harakaharaka, moja baada ya jingine, bila kuyasoma: kitu chochote kinachoruka kutoka mahali pake kitaonekana kwa macho. Kisha imwite mtu mmoja ambaye hakushiriki kutunga, aketi na kujibu, nao wamtazame kimya. Kidole chake kitakaposita kikitafuta pa kubonyeza, au macho yake yatakapopanda na kushuka yakitafuta umri wa mgonjwa, hapo pana kasoro, na ni ya mtunzi.

Mwisho, kila mrejesho uwe na maelezo. Muuguzi wetu wa kituoni angesomewa hivi: “Si sahihi. Mtoto huyu ana miezi 4. Aliye chini ya miezi sita hupewa miligramu 10 za zinki kwa siku. Kuanzia miezi sita hupewa 20.” Angepoteza alama yake, naam, lakini kesho yake, mtoto wa miaka miwili atakapopakatwa na mama yake mbele ya meza, angempa kidonge kizima cha miligramu 20 bila kusita.